Rispa Akeyo na Taa Nyekundu ya Vani ya Chanjo

Rispa Akeyo alizaliwa Macalder, kule Nyatike, ambako watu huchimba dhahabu kwa sururu na kuitafuta kwenye karai la maji. Baba yake, Ogweno, hakuwahi kupata dhahabu ya maana. Alichokuwa nacho ni pampu ya kuvuta maji mashimoni, na pampu hiyo ndiyo iliyolisha nyumba, kwa sababu kila mvua iliponyesha mashimo yalifurika na wachimbaji wakaja mbio kumwita. Rispa alikuwa wa tatu kati ya wasichana watano. Alipofika darasa la sita aliweza kufungua kabureta ya pampu ile, kuipuliza, kuipangusa na kuirudisha mahali pake kabla baba yake hajamaliza chai. Hakufundishwa na mtu. Alisimama karibu akaangalia, basi.

Ogweno alipofariki, baba wadogo wa Rispa walichukua pampu. Yeye alibaki na geji tu, kile kisaa cha shaba kilichokuwa kikionyesha presha ya maji. Hakuna mtu mwingine aliyekitaka.

Mwaka wa 1987, akiwa na miaka kumi na tisa, alienda Migori na kusimama mlangoni pa gereji ya Mzee Machuki. Huyu alikuwa Mgusii aliyehamia Migori zamani, Msabato aliyefunga gereji Ijumaa jua likiwa bado juu, na fundi ambaye madereva wa malori ya kwenda Tanzania walikuwa tayari kumngoja siku mbili kuliko kumpa mtu mwingine gari.

"Unatafuta nani?" Machuki alimuuliza.

"Natafuta kazi."

"Kazi ya kupika iko pale hotelini, upande wa pili wa barabara."

"Mimi sijui kupika vizuri," Rispa alisema. "Najua kabureta."

Mafundi waliokuwa chini ya magari walicheka mpaka mmoja akagonga kichwa. Machuki hakucheka. Alimpa kabureta ya pikapu iliyokuwa imewashinda mafundi wake wawili tangu asubuhi, akarudi kwenye shughuli zake. Rispa aliketi juu ya tairi kuukuu. Aliikuta sindano ya ndani imepinda kidogo sana, mpindo ambao jicho la haraka haliuoni, akainyoosha juu ya kipande cha kioo. Pikapu iliwaka mara ya kwanza. Machuki aliizunguka, akaitazama, akamtazama msichana.

"Rudi kesho," alisema. "Uje na nguo kuukuu."

Hivyo ndivyo alivyoingia. Mwaka wa kwanza aliosha nati na boliti kwa petroli hadi ngozi ya vidole ikabanduka. Wateja waliomkuta peke yake walimwambia, "Mama, tuitie fundi." Alivumilia. Na Machuki, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alimfundisha jambo moja kwa moyo wake wote: kusikiliza. Alikuwa na bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Aliweka ncha kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Kwa njia hiyo aliweza kukuambia ni beringi ipi imechoka na ni vali ipi imelegea, ukifungua unakuta ni hivyo hivyo.

"Mwenye gari anaweza kukudanganya," alizoea kusema. "Dereva anaweza. Injini hapana. Usishike spana kabla hujaisikia."

Kule Migori wakamzoea. Wakampa jina la Kijaluo, Nyar Macalder, yaani binti wa Macalder, na Machuki mwenyewe akalitumia ingawa si la lugha yake. Mwaka wa 1993 Rispa aliolewa na mwalimu Stanley wa Rodi Kopany, huko kwenye barabara ya Homa Bay, na kando ya soko akafungua kibanda chake mwenyewe cha mabati. Siku alipoaga, Machuki alimpa seti ya soketi kubwa za kufungulia nati, zile za malori. Hakutoa hotuba. Alimwambia tu azipake grisi wakati wa mvua.

Miaka minne ilipita. Jumatano moja ya mwezi wa nane, 1997, utingo wa basi lililotoka Migori aliruka chini pale Rodi na kumkabidhi Rispa kipande cha kartoni. Kiliandikwa kwa kalamu ya wino kwa mwandiko alioujua: *Nyar Macalder. Njoo kesho asubuhi na zile soketi. Kuna injini ya kushusha. Machuki.*

Rispa alishangaa. Kwa miaka yote Machuki hakuwahi kumwita. Asubuhi yake alitia soketi kwenye mfuko, akatia na ile geji ya baba yake. Alikuwa ameipeleka kwa fundi wa kukereza vyuma kule Homa Bay, naye akaitengenezea shingo za shaba za ukubwa mbalimbali, ili iweze kufungwa kwenye injini za magari na kupima presha ya oili. Hakwenda mahali popote bila hiyo.

Saa mbili asubuhi alikuwa Migori. Katikati ya gereji palikuwa na vani nyeupe ya kituo kimoja cha afya cha misheni cha kule Homa Bay. Juu yake walikuwa wamesimamisha magogo matatu ya mkaratusi na mnyororo wa kushushia injini. Kando, juu ya sanduku tupu la barafu, aliketi muuguzi mwenye sare, mikono imeshika magoti. Watu walimwita Sista Edith. Dereva wake, Bonface, kijana mrefu, alikuwa anazunguka zunguka kama mtu aliyefiwa.

Machuki alikuwa ameinama mezani akipanga spana, mgongo umeelekea mlangoni. Rispa alimkaribia, akamsalimia kwa Kigusii kama alivyozoea.

"Bwakire, Mzee."

Machuki hakugeuka. Rispa akarudia, safari hii kwa sauti zaidi. Bado. Bonface akanyoosha mkono akamgusa bega, ndipo mzee akageuka na uso wote ukafunguka.

"Nyar Macalder! Umefika. Nilikuwa nimezama kwenye kazi."

Akamweleza. Vani ilikuwa njiani kupeleka chanjo ya polio Ntimaru, Kuria. Walipopita Awendo, ile taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi iliwaka. Bonface alifanya vizuri: alisimama hapo hapo, akazima, akapima oili, akaikuta imejaa. Akaomba trekta la miwa liwavute mpaka Migori. Chanjo yenyewe ilikuwa salama kwenye friji ya hospitali ya wilaya, lakini siku ya kuchanja ilikuwa kesho, Ijumaa. Walimu na wazee wa mitaa kule Ntimaru walikuwa wameshatangaza kwa wiki mbili. Akina mama wangetembea kutoka mbali na watoto mgongoni.

"Tuliulizia gari lingine," Sista Edith alisema. "Yote yamekwenda upande wa Nyatike na Kehancha. Hii ndiyo tuliyobaki nayo."

"Na mimi nimeisikiliza," Machuki alisema, akigusa bisibisi yake mfukoni. "Beringi zimekwisha. Inagonga ndani. Injini hii lazima tuishushe, na ndiyo maana nimekuita, kwa sababu mikono yangu na ya vijana wangu haitamaliza kabla ya kesho. Pengine hata yetu sote haitamaliza."

Sista Edith alitazama chini.

Rispa aliinua kiti cha mbele, maana injini ya vani ile ilikuwa chini ya viti. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akasugua tone la oili kati ya vidole viwili na kulipeleka kwenye jua. Beringi ikilika, oili hung'aa kwa unga wa chuma. Hii haikung'aa. Ilikuwa nyeusi kidogo, laini, oili ya kawaida.

"Bonface, ulipokuwa unaendesha ulisikia mlio wowote?"

"Mimi sikusikia kitu. Lakini mzee ndiye fundi."

Rispa alimgeukia Machuki, akasimama mbele yake. "Mzee, kabla hatujafungua, naomba niisikie."

"Huniamini?"

"Wewe ndiye ulinikataza kushika spana kabla sijasikia."

Machuki akatikisa mkono. "Dakika moja. Ukizidisha unaimaliza kabisa."

Bonface akawasha. Taa nyekundu ilibaki inawaka pale pale. Rispa aliweka bisibisi yake mwenyewe kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho. Alihamisha ncha huku, akaihamisha kule, akashuka nayo mpaka chini kabisa. Alitafuta ule mlio mzito wa kugonga ambao beringi mbovu hutoa, mlio unaousikia hadi kwenye meno. Haukuwepo. Injini ilikuwa inaimba sawasawa kama cherehani ya mshonaji aliyetulia.

Akafumbua macho. Machuki alikuwa amesogea nyuma ya vani kuzungumza na Sista Edith. Rispa alimpa Bonface ishara, naye akazima. Gereji ikawa kimya. Ungeweza kusikia kuku akiparura nyuma ya ukuta.

"Unasikia hiyo, Sista?" Machuki alisema, kidole hewani. "Nga, nga, nga. Hiyo ni beringi."

Sista Edith alimtazama Bonface. Bonface alitazama ufunguo mkononi mwake. Wakati huo huo Rispa aliyaelewa yote: kwa nini mzee hakugeuka aliposalimiwa, kwa nini alikuwa akimtazama mtu mdomoni alipozungumza naye, na kwa nini, baada ya miaka yote ile, alikuwa amemwita. Alienda upesi mpaka mbele ya macho yake.

"Mzee, njoo kidogo huku nyuma. Kuna kitu nataka kukuuliza."

Wakaenda nyuma ya gereji, penye magurudumu yaliyochakaa na mapipa ya oili chafu. Rispa alihakikisha jua linampiga usoni ili midomo yake ionekane.

"Tangu lini?" alimuuliza.

"Tangu lini nini?"

"Masikio, Mzee."

Machuki aligeuza uso. Akachokonoa kutu kwenye pipa kwa ukucha. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"La kulia lilikwenda mwaka juzi. La kushoto linalifuata. Miaka arobaini ya injini na nyundo, ungetaka yafanye nini?"

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Fundi asiyesikia ni nani, Nyar Macalder? Watu huja hapa kwa sababu ya masikio haya." Akapumua. "Jana niliona taa. Nikaweka bisibisi. Nikasikia kugonga. Au nilidhani nimesikia. Nilikaa saa nzima nikijiuliza, ndipo nikakuandikia."

"Hukuniita kwa ajili ya soketi."

"Soketi ninazo," Machuki alisema.

Rispa aliangalia viatu vyake. Kumpinga mtu huyu hakukuwa jambo dogo kwake. Kila alichokijua, ukiacha kabureta ya pampu, kilitoka kwa mzee huyu. Lakini kule mbele kulikuwa na vani nzima ambayo walikuwa karibu kuifungua matumbo bila sababu, na kesho kulikuwa na Ntimaru.

"Mzee, injini ile haigongi. Nadhani ni swichi yake tu."

Swichi ya presha ya oili ni kitu kidogo, hakizidi kidole gumba. Hufungwa ubavuni mwa injini. Injini ikiwaka na oili ikisukumwa vizuri, presha inaibonyeza swichi kwa ndani na taa ya dashibodi inazimika. Presha ikipotea, taa inawaka kumwonya dereva. Tatizo ni kwamba swichi ikifa nayo huwasha taa ile ile, na ukiitazama taa tu huwezi kujua nani amekufa, injini au swichi.

"Unadhani," Machuki alisema. "Kudhani hakutoshi. Jana na mimi nilidhani."

"Ndiyo sababu tutapima." Akatoa geji mfukoni. "Hii haihitaji sikio la mtu. Inahitaji macho, na macho yako ni mazuri kuliko yangu. Mimi nitafunga, wewe utasoma. Ukitaka, tutawaambia tulikuwa tunahakikisha tu kabla ya kufungua. Hakuna atakayejua zaidi."

Machuki aliigeuza geji mkononi. Alisugua kioo chake kwa kidole gumba.

"Twende," alisema.

Rispa aliingiza mkono ubavuni mwa injini, akachomoa waya wa swichi, akaifungua swichi yenyewe kwa soketi yenye shingo ndefu. Mahali pake akafunga geji, akachagua shingo ya shaba iliyokaa barabara. Sista Edith alisimama kutoka kwenye sanduku. Mafundi wawili wa gereji waliacha kazi zao wakaja. Machuki alipiga goti mbele ya kisaa kile, uso karibu ukigusa kioo.

"Washa," Rispa alisema.

Injini iliwaka. Mshale uliruka, ukatetemeka, ukapita thelathini na kusimama karibu na hamsini.

"Iache ipate joto," Rispa alimwambia Bonface. Wakangoja. Injini ilipopata joto mshale ulishuka taratibu mpaka thelathini ukatulia. "Kanyaga kidogo." Ukapanda, hamsini, hamsini na tano. "Achia." Ukarudi thelathini, ukakaa hapo kama umepigiliwa msumari.

Machuki alibaki ameinama muda zaidi ya uliohitajika. Kisha akasimama, akajipangusa magoti, akawageukia watu wote waliokuwa pale. Rispa alidhani angesema yale waliyokubaliana.

"Sista," Machuki alisema, "na wewe Bonface. Injini hii ni nzima. Jana niliwaambia imekufa, na nilikosea. Masikio yangu yamezeeka. Niliona taa, kichwa changu kikanitengenezea mlio. Huyu hapa ndiye aliyesikia sawasawa." Akawatazama mafundi wake wawili mmoja mmoja. "Na ninyi nisikieni. Asubuhi hii mlijua haigongi, mkaogopa kuniambia. Yeye hakuogopa. Ondoeni ule mnyororo."

Hakuna aliyecheka. Sista Edith alikuwa wa kwanza kuzungumza. "Mzee, kwa hiyo tutafika Ntimaru?"

"Muulize fundi," Machuki alisema, akamwonyesha Rispa.

Ilikuwa imekaribia saa tano. Swichi ya zamani Rispa aliivunja kwa koleo mbele yao: ngozi ya ndani ilikuwa imepasuka na oili imevujia kwenye waya. Sasa ilibidi kupata nyingine. Katika duka la vipuri la Gichana, karibu na stendi, Rispa, Machuki na Bonface walipata moja iliyofanana nayo kabisa kwa macho. Rispa aliilinganisha na ya zamani, akajaribu kuiingiza kwa vidole kwenye nati iliyokubali ile ya zamani. Ilizunguka mara moja na nusu ikakwama.

"Itaingia ukitumia spana," Gichana alimwambia. "Wengi wanatumia spana."

"Itaingia, halafu itapasua tundu la injini," Rispa alijibu. "Hizi nyuzi zake za kuzungushia si za gari lile. Weka, utampa mwenye gari lake."

Gichana hakukasirika. Alikuna kichwa, akawaambia nyuma ya nyumba ya shemeji yake kulikuwa na vani ya aina ile ile iliyopinduka mwaka uliopita na haijaguswa injini. Walienda. Shemeji alikubali. Rispa alilala chini ya mabaki yale, kwenye nyasi, mchwa wakimpanda shingoni, akatoka na swichi kuukuu yenye vumbi lakini nyuzi zake safi.

"Na hii utajuaje kama ni nzima?" Bonface aliuliza. "Si inaweza kuwa mbovu kama ile?"

Machuki, ambaye alikuwa akimtazama Bonface mdomoni, ndiye aliyejibu. "Leta pampu ya baiskeli."

Waliporudi gereji, mzee mwenyewe aliunganisha betri, balbu ndogo na swichi, na mdomo wa pampu akaufunga kwa kipande cha mpira. Balbu ilikuwa inawaka. Akasukuma pampu mara moja, mara mbili, balbu ikazima. Akaachia upepo; ikawaka. Akarudia mara tano, na kila mara alimwangalia Rispa, naye Rispa akatikisa kichwa kukubali. Walikuwa wamesahau kwamba watu wengine wapo.

Kufunga ilikuwa kazi ndogo lakini Rispa hakuiharakisha. Alisafisha tundu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Alizungusha tepu nyembamba nyeupe ya mafundi wa mabomba kwenye swichi, mzunguko mmoja tu, akaacha nyuzi za mbele wazi.

"Kwa nini usiifunge yote?" mmoja wa mafundi aliuliza. "Si itavuja?"

"Swichi hii haina waya wa pili. Umeme wake unarudi kupitia chuma cha injini. Ukiifunika yote kwa tepu, umeme haupiti, na taa haitawaka hata siku oili ikiisha kweli. Dereva ataua injini akitabasamu."

Akaiingiza kwa vidole mpaka ikakaza yenyewe, kisha akamaliza kwa soketi, robo mzunguko na kidogo, akasimama. Akarudisha waya. Akapangusa oili yote iliyomwagika, ili kama kuna uvujaji uonekane.

"Funguo, Bonface. Usiwashe injini kwanza. Zungusha kidogo tu."

Taa nyekundu iliwaka, kama inavyotakiwa.

"Sasa washa."

Injini ikashika. Taa ilikaa kwa pumzi moja, ikazimika. Bonface alipiga usukani kwa viganja vyote viwili akapiga kelele hadi watu wa stendi wakageuka. Sista Edith alimkumbatia Rispa bila kujali oili kwenye sare yake nyeupe. Na Machuki alisimama mbele ya dashibodi, kichwa kimeingia dirishani, akiitazama sehemu ile iliyokuwa giza. Rispa alimwona akifuta macho kwa kiwiko, mahali pekee ambapo hapakuwa na grisi.

Rispa hakuridhika na gereji peke yake. Alipanda, wakaiendesha vani mpaka daraja la mto Migori na kurudi, wakaitazama taa, wakainua kiti na kuitazama swichi. Kavu. Saa kumi kasorobo masanduku yalijazwa barafu na chanjo kutoka hospitalini, na vani ikachukua barabara ya vumbi ya kwenda Kuria huku jua likiwa bado kali.

Jumatatu iliyofuata vani ile ile ilisimama mbele ya kibanda cha Rispa pale Rodi Kopany. Sista Edith alishuka akiwa na daftari. "Watoto mia sita na kumi na wawili," alisema, akamwonyesha ukurasa. "Nimekuja kukuonyesha tu. Nilitaka uione namba." Rispa alisoma majina ya vijiji asivyovijua, akayasoma taratibu hadi chini ya ukurasa. Jioni alimsimulia Stanley, na Stanley siku ya pili aliwasimulia walimu wenzake, na haikupita wiki kabla soko zima la Rodi halijajua.

Machuki hakufunga gereji. Aliendelea na breki, springi, kuchomelea na kunyoosha mabodi, kazi ambazo mkono na jicho vinatosha, na wateja wenye shida ya injini aliwaambia wazi: "Mimi sisikii. Nendeni Rodi, au mngoje Jumatatu." Kila Jumatatu Rispa alishuka Migori. Walifanya kazi pamoja, yeye akisikiliza na kumwambia anachosikia, mzee akimwambia maana yake kutokana na miaka arobaini ya kukumbuka. Kuna magari ambayo hakuna mmoja wao angeyaweza peke yake.

Mwaka wa 1998 kile kituo cha afya kilimwandikia Rispa barua kumwomba aangalie magari yao yote matatu, na pia aje Homa Bay siku moja awafundishe madereva. Madereva kumi na mmoja waliketi kwenye viti vya kanisa, wote wanaume, wengine wakubwa kuliko yeye. Wawili walikuwa wananong'onezana alipoanza. Aliwaeleza habari ya taa nyekundu: ukiiona simama, zima, pima oili, usiendelee hata mita mia ukijidanganya kwamba ni swichi, na fundi akikuambia injini imekufa, mwulize amepima kwa kifaa gani. Akapitisha swichi nzima mkono kwa mkono, na ile iliyokufa, na geji. Kufikia nusu saa wale wawili walikuwa wameacha kunong'ona na mmoja alikuwa anaandika nyuma ya leseni yake.

Mwishoni dereva mmoja wa makamo, Ombui, aliinua mkono.

"Madam, tumeshukuru. Lakini niulize. Haya yote ulisomea wapi? Kuna chuo?"

Rispa alifungua mdomo kujibu. Lakini katika kiti cha mbele kabisa, mahali alipokuwa ameketi tangu asubuhi ili aweze kuona midomo ya mwalimu, mzee mmoja mwenye koti la Sabato alikuwa amegeuka nyuma kumwona muulizaji. Alikuwa ameyasoma maneno yote. Mzee Machuki akasimama, akafunga kifungo cha koti, akawatazama madereva kumi na mmoja.

"Migori," alisema. "Gereji ya Machuki. Miaka sita. Kama kuna mwenye swali lingine, aliulize polepole."